Mwili Umepungua, na Nguo Je?



Katika vikundi vyetu tumezungumza sana juu ya ugonjwa wa sukari na presha, na akina mama na kina baba wengi wameambiwa na daktari wapunguze uzito. Wako waliofaulu. Lakini kuna jambo moja ambalo sisi wafanyakazi wa jamii hatukuliweka kwenye somo, likatupata bila kujitayarisha. Mtu akishapungua, atavaa nini? Unaweza kucheka. Mimi pia nilicheka mara ya kwanza.

Mama mmoja wa kikundi chetu alianza akiwa na kilo 96. Aliacha soda na chai yenye sukari nyingi, akapunguza ugali na chapati, akaongeza sukuma wiki, kunde na maharagwe. Sokoni akawa anaenda kwa miguu badala ya kupanda bodaboda. Baada ya miezi kumi na minne mizani ya dispensari ilionyesha kilo 78, na sukari yake ilikuwa imeshuka vizuri. Mimi nilifurahi mpaka nikamsimamisha mbele ya kikundi tumpigie makofi. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana kumbe yeye hakutaka kutazamwa. Kosa la pili, nilimwambia, "Sasa mama, jipongeze. Nenda ukajinunulie nguo nzuri."

Alienda. Alishinda kwenye mitumba kutoka asubuhi mpaka saa tisa, akarudi na nguo tatu za shilingi 2,300 jumla, na hakuna hata moja iliyomkaa. Rinda moja lilimbana kifuani likapwaya tumboni. Sketi ilipita kiunoni ikakwama kwenye nyonga. Blauzi ilikuwa na mabega yaliyoshuka karibu na kiwiko. Kurudisha haiwezekani, kule ukishanunua umenunua. Majuma matano hakuonekana kanisani, wala kikundini, wala kliniki. Nilipomtembelea nyumbani alikuwa amevaa leso mbili na sweta ya mumewe. Akaniambia, "Dada, zile nguo zangu za zamani zilikuwa zinanijua. Afadhali ninenepe nizirudie."

Mtu alikuwa tayari kurudisha sukari yake juu kwa sababu ya rinda. Ndiyo maana naandika somo hili.

Midomo ya watu

Hapa kwetu kunenepa ni sifa. Mtu akirudi kutoka Nairobi akiwa amejaa mashavu tunasema maisha yamemkubali. Akipungua tunasema amekonda, na neno hilo halina wema ndani yake. "Mbona umeisha hivyo? Unaugua? Au nyumbani hakuna amani?" Mama huyu aliulizwa maswali hayo na watu wanne kwa siku moja, na wa nne alikuwa shemeji yake.

Tusisahau woga huu ulitoka wapi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Kenya walijulikana mwaka 1984. Mwaka uliofuata, 1985, madaktari waliandika juu ya ugonjwa ulioonekana huko Rakai, Uganda, ambao wenyeji waliuita "slim" kwa jinsi ulivyokondesha watu. Mimi nilikuwa msichana wa shule miaka ya tisini, na nakumbuka mtu akifunga mshipi tundu moja zaidi, kijiji kizima kilishajua cha kusema. Serikali yetu ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwezi wa Novemba 1999. Leo mambo ni mengine. Dawa zimekuwa zikitolewa bure katika hospitali za serikali tangu mwaka 2006, na anayezimeza vizuri anaweza kuwa mnene kuliko wewe na mimi. Umbo la mtu halikuambii chochote juu ya damu yake. Lakini macho yetu bado yanasoma vile yalivyofundishwa zamani, na nguo inayoning'inia ndiyo kitabu chenyewe. Rinda la kilo 96 juu ya mwili wa kilo 78 humfanya mtu mzima wa afya aonekane mgonjwa. Kwa hivyo nguo inayokaa vizuri si majivuno. Inamwondolea mtu nusu ya hayo maswali.

Upande mwingine pia lazima niutaje. Kama umepungua na hukutaka, usitafute fundi, tafuta daktari. Mtu wa kilo 70 akipoteza kilo tatu na nusu au zaidi katika miezi sita mpaka kumi na miwili bila kubadilisha chakula wala kazi, hiyo ni sababu ya kutosha kupimwa. Inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa sukari yenyewe ambayo haijagunduliwa, yanaweza kuwa mengine. Na wewe unayepungua kwa bidii yako na uko kwenye dawa za sukari au presha, mwambie daktari. Dozi iliyokufaa ukiwa mzito inaweza kuwa nyingi sasa, ukaanza kuona kizunguzungu. Usiipunguze wewe mwenyewe.

Namba ya nguo inadanganya

Yule mama alikuwa anavaa namba 20. Akajihesabia kwamba sasa atakuwa 16, akachagua nguo tatu zenye 16. Hesabu nzuri, lakini soko halihesabu hivyo.

Robota la mitumba, lile la kilo 45, linafika bandari ya Mombasa likitoka Uingereza, Marekani, Kanada, China na kwingineko. Likifunguliwa Gikomba au Kongowea au soko lako la Jumamosi, nguo zote zinamwagwa rundo moja. Sasa sikiliza. Rinda lililoandikwa 14 na Mwingereza ni karibu sawa na 10 ya Mmarekani, 40 ya Mjerumani, 42 ya Mfaransa na 46 ya Mwitaliano. Namba tano, mwili mmoja. Nguo ya China inaweza kuandikwa 165/88A, maana yake urefu wa mtu ni sentimita 165 na kifua sentimita 88. Ukweli ni kwamba hao Wachina ndio walioandika kitu cha maana, kwa sababu wamekupa kipimo, si jina la kipimo.

Hata ndani ya nchi moja namba hazitulii. Huko Marekani mwaka 1939 na 1940 walipima wanawake wapatao 15,000 ili watengeneze vipimo vya kufuatwa na viwanda. Vipimo vya wasiokuwa weupe waliviweka kando, kwa hivyo umbo la mama wa Kiafrika halikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1958 vikatoka vipimo rasmi, na mwaka 1983 vikaondolewa, kila kiwanda kikafanya kinavyotaka. Na viwanda viligundua kwamba mteja hupenda kuambiwa ana namba ndogo. Nguo ya kifua cha inchi 32, ambayo katika katalogi ya Sears ya mwaka 1937 iliitwa 14, mwaka 1967 iliitwa 8, na mwaka 2011 ikawa sifuri! Mwanamke ni yule yule.

Kwa hivyo ukivaa 16 ikakataa, si wewe uliyekosea na si mwili wako ulioharibika. Umebishana na karatasi ya mtu wa mbali ambaye hakukupima.

Jambo lingine ambalo hakuna aliyemwambia: mwili haupungui sawasawa kama puto linalotoa hewa. Mmoja hupungua uso na kifua kwanza, tumbo likabaki. Mwingine hupungua tumbo, nyonga zikabaki pale pale. Ngozi ya mikono ya juu na ya tumbo inaweza kubaki imelegea, hata ukawa na uzito mzuri. Umbo jipya si lile la zamani lililopunguzwa, na wala si lile ulilokuwa nalo siku ya arusi. Ni mwili ambao hujawahi kuuvalisha, na ndiyo sababu nguo uliyoichagua kwa macho inakukataa.

Tepu ya fundi kwenye mkoba

Dawa ni tepu, ile ya fundi ya plastiki. Jipime ukiwa umevaa nguo za ndani unazovaa kila siku: kifua mahali kilipojaa zaidi, kiuno, nyonga mahali pana kabisa, na mgongo kutoka bega mpaka bega. Andika kwenye karatasi pamoja na tarehe. Kama sidiria yako ni ya zamani na imelegea, anza na hiyo kabla ya kununua rinda lolote, kwa sababu kifua kikishuka inchi mbili rinda zuri pia litaonekana baya.

Sokoni hakuna chumba cha kujaribia. Ilaze nguo juu ya meza au juu ya mkoba wako, inyooshe bila kuivuta, upime kutoka kwapa mpaka kwapa, kisha uzidishe mara mbili. Kama kitambaa hakivutiki, nguo iwe kubwa kuliko kifua chako kwa inchi mbili hivi ili uweze kupumua na kuinua mikono. Fanya hivyo hivyo kiunoni na kwenye nyonga. Muuzaji atanung'unika kwamba unamchelewesha. Mwache anung'unike, pesa ni zako.

Kuna ile njia ya kuzungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana basi inakutosha. Kina baba wanaiamini sana. Kwa aliyepungua karibuni, hiyo inadanganya, kwa sababu shingo na kiuno havikupungua kwa kiasi kimoja.

Na usinunue nguo nyingi wakati mizani bado inashuka. Nunua mbili au tatu za kukuvusha, kama sketi ya kufunga au ya lastiki. Ngoja mpaka uzito utulie miezi miwili au mitatu, ndipo utafute zile za kudumu.

Fundi anaweza nini

Si kila nguo inapunguzwa. Kiuno na ubavu ni rahisi, fundi anashona ndani ya mshono wa zamani, kazi imekwisha. Urefu pia ni rahisi. Lakini mabega na mahali mkono unapoungana na mwili ni kazi ya kufumua karibu nguo nzima, na mara nyingi bei yake inapita ya kununua nyingine. Kwa hivyo sokoni chagua nguo inayokaa vizuri mabegani, kiuno mwachie fundi. Suruali ya baba inapunguzwa kwa nyuma katikati, lakini ikizidi inchi mbili hivi mifuko ya nyuma inaanza kukutana kama macho ya bundi. Koti la suti lililokuwa kubwa sana, mpe ndugu yako.

Mwambie fundi asikate kitambaa kinachobaki ndani mpaka umeivaa na kuifua mara mbili tatu. Wengine wananiuliza, kwani hiyo si kujiandalia kunenepa tena? Sijui kwa nini tunakuwa wakali hivyo kwa nafsi zetu. Inchi moja ya kitambaa ndani ya mshono haijamnenepesha mtu.

Viatu

Hapa naomba msome pole pole. Miguu nayo hupungua, na kiatu kilichokuwa sawa kinaanza kucheza. Kwa mtu mwingine huo ni usumbufu tu. Kwa mwenye sukari ni hatari, kwa sababu ugonjwa unaweza kuua hisia za nyayo, kiatu kinasugua, lengelenge linatoka, linapasuka, na yeye hajui mpaka asikie harufu. Watu wamekatwa miguu kwa njia hiyo. Nunua viatu jioni, wakati miguu imevimba kidogo kwa kazi ya mchana. Ingiza mkono ndani utafute msumari au mshono uliojitokeza. Kiatu cha mtumba kimeshajikunja kwa unyayo wa mwenyewe wa kwanza, kwa hivyo kitazame soli. Ikiwa imelika upande mmoja, kiache. Kama pesa ni kidogo, heri uzitumie kwenye viatu, rinda lingoje.

Yule mama nilirudi naye sokoni mwezi uliofuata. Safari hii mimi ndiye niliyebeba mkoba na kunyamaza. Alipima nguo kumi na moja, akakataa kumi. Ile moja ilikuwa imeandikwa 12, namba ambayo asingeigusa mara ya kwanza. Alilipa shilingi 250, fundi akachukua 150 kwa kiuno na upindo. Sare yake ya chama ilipunguzwa ubavuni bila kukatwa. Jumapili ile shemeji alimuuliza rinda amelipata wapi.

Kwa kujadiliana katika kikundi: Mwenzetu akipungua, huwa tunamwambia nini tukikutana naye njiani, na yeye husikia nini? Ni nani kati yetu ana nguo asizovaa tena ambazo zingemvusha mwingine miezi miwili mitatu, na tutazipitisha vipi bila kumwaibisha anayepokea? Kwa mkutano ujao kila mmoja aje na tepu na nguo moja ya nyumbani kwake inayomkataa, tuipime pamoja.