Tangazo la Asiyeona Lisiishie Ukutani

Njia panda ya Mingoyo kila msafiri wa kusini anaijua: huku Lindi mjini, huku Mtwara, kule Masasi. Anayeona anasoma kibao cha gari na kupanda. Asiyeona anauliza, na jibu atakalopewa ndilo litakaloamua anafika wapi. Habari za msaada kwa waliopoteza uoni ziko hivyo hivyo. Msaada upo, ila tangazo limebandikwa ukutani ofisini au limewekwa mtandaoni. Nani anamsomea? Wanachuo wenzangu, likizo inakaribia, kwa hiyo somo hili ni letu.

Kwanza, apimwe. Mzee akianza kupapasa huwa tunasema, "Uzee tu huo." Kumbe mara nyingi ni mtoto wa jicho: lenzi imeingia ukungu. Daktari anaitoa na kuweka ya bandia kwa upasuaji mfupi, na wengi wanaona tena. Presha ya macho, yaani glaukoma, ni habari nyingine. Inakula uoni polepole, mara nyingi bila maumivu, na uoni uliopotea haurudi. Matibabu yanalinda uliobaki. Mzazi akiwa nayo, watoto nao wakapime. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Na dawa za majani zisitiwe jichoni kabisa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema watu wasiopungua bilioni 2.2 wana tatizo la uoni, na kwa angalau bilioni 1 kati yao lingeweza kuzuiliwa au bado halijatibiwa.

Pili, gharama. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inataka wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure. Anzieni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa kwa utambulisho, na mkifika hospitali mtafuteni afisa ustawi wa jamii kabla ya kwenda dirisha la malipo.

Tatu, kipato cha yule ambaye uoni wake haurudi. Tangu 2018 sheria inaitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kwa hiyo aliyeambiwa "ilishafutwa" arudi kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akaulize upya. Ila huo ni mkopo, siyo sadaka. Aende na hesabu ya biashara yake.

Na mdogo wako anayesubiri chuo je? Bodi ya Mikopo inazingatia ulemavu wa mwombaji au wa mzazi wake, lakini inataka uthibitisho wa mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Ashughulikie mapema, siyo siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Jambo la mwisho, hasa kwetu tunaosomea ualimu: kumsomea mtu siyo kumwamulia. Bibi asomewe fomu mpaka mstari wa mwisho, pamoja na masharti ya marejesho. Akiuliza, rudia. Akikataa, usimwekee dole gumba. Akikubali, mwulize siku gani imfaayo, kisha ongozana naye.