Dondoo Muhimu: Chumba cha Mitambo na Njia za Nyaya

Yeyote aliyekabidhiwa amana ya kutandaza nyaya za mtandao katika jengo jipya, na ayazingatie haya kwenye mchoro wa kompyuta wa pande tatu kabla fundi hajatoboa ukuta:

1. Kabati la mitambo lichorwe pamoja na mlango wake ukiwa wazi, na mbele yake iachwe takriban mita 1, ili fundi apate wasaa wa kuchutama na kufanya kazi bila dhiki.

2. Waya wa shaba usipimwe kwa mstari ulionyooka, bali kwa njia yake halisi, upandapo ukuta na uzungukapo nguzo, kwani kikomo chake, toka paneli hadi soketi, ni mita 90.

3. Trei za nyaya zilinganishwe na mabomba ya maji na mifereji ya hewa, maana mgongano uonekanao kwenye kompyuta hurekebishwa kwa kipanya, ilhali ule wa darini hugharimu nyundo, saruji na fedha.

4. Kazi itakapotimia, mchoro usahihishwe ulingane na yaliyojengwa hasa, ndipo akabidhiwe mwenye jengo.