Pipa la Bati na Panya: Maswali kuhusu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia

Nani aliyezoa taka?

Halmashauri. Ada ya mwezi haikuwapo. Gharama ilitoka kwenye kodi ya majengo ambayo wakazi walilipa. Katika miji mingi wazoa taka waliingia hadi uani, wakalitwika pipa begani, wakalimwaga garini na kulirudisha mahali pake.

Mbona pipa lilikuwa la bati, tena zito vile?

Kwa sababu ya majivu. Nyumba zilipata joto kwa makaa ya mawe, na asubuhi majivu yalizolewa na kumwagwa pipani, pengine kaa jekundu likiwa bado limejificha ndani. Plastiki ingeyeyuka. Hata jina la Kiingereza la pipa lile maana yake ni "pipa la vumbi", na vumbi lenyewe ndiyo hayo majivu. Karatasi nazo hazikufika pipani kwa wingi, zilichomwa motoni humo humo.

Mambo yaligeuzwa na moshi. Desemba 1952 ukungu mchafu uliifunika London kwa siku tano na kuua maelfu ya watu. Ikaja Sheria ya Hewa Safi ya 1956, iliyoziwezesha halmashauri kutenga maeneo yasiyotakiwa kutoa moshi. Kadiri watu walivyohamia gesi na umeme, majivu yalipungua, na karatasi zilizokuwa zikichomwa zikaanza kurundikana. Pipa likawa jepesi lakini likawahi kujaa. Kufikia miaka ya 1960 mifuko ya plastiki ilikwisha anza kuonekana.

Na makombo?

Baadhi ya miji iliyakusanya peke yake kwa ajili ya nguruwe. Tottenham, kaskazini mwa London, iliyachemsha yakawa chakula kizito cha mifugo. Kazi hiyo iliendelea hata baada ya vita, maana chakula kiligawiwa kwa mgao hadi 1954.

Panya walikuwa mzigo wa nani?

Wa wote wawili, halmashauri na mkazi. Sheria ya 1949 iliitaka halmashauri ikague eneo lake na kuangamiza panya kwenye ardhi yake. Aliyeona panya wengi kwake alipaswa kuitaarifu kwa maandishi. Akipewa ilani akapuuza, halmashauri iliweza kuifanya kazi yenyewe kisha ikamdai gharama. Ukali huo naukubali, maana panya hajui mpaka wa kiwanja.

Waliuawaje?

Panya wa kahawia hukishuku kila kitu kigeni. Kwa hiyo wakati wa vita watafiti wa Oxford, chini ya Charles Elton, walishughulikia mbinu ya kumzoesha: siku kadhaa anawekewa nafaka tupu, akishazoea ndipo inachanganywa na sumu kali kama zinki fosfidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ikaingia sumu ya warfarini, na uvumilivu huo ukawa hauna kazi. Panya alikula kidogo kidogo kwa siku kadhaa, damu ikashindwa kuganda, akafa pasipo wenzake kukishuku chambo.

Raha haikudumu. Mwaka 1958, Uskoti, walipatikana panya wasiodhurika kwa warfarini, na baada ya muda mfupi wengine wakaonekana mpakani mwa Wales na England.

Warfarini ilipoteza makali. Sheria ya 1949 ingali inatumika.