Kubadilisha Programu Dhibiti ya Hifadhi ya Mtandao kwa Njia ya Amri

Utangulizi

Katika maduka ya jumla ya Kariakoo na katika ofisi za katikati ya jiji la Dar es Salaam, kumbukumbu nyingi za biashara hazimo tena katika majalada ya karatasi. Zimo ndani ya kisanduku chenye diski mbili au nne, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta zote za ofisi. Kisanduku hicho huitwa hifadhi ya mtandao. Hesabu za bidhaa, ankara na mikataba huwekwa humo, na kila karani mwenye ruhusa huzisoma akiwa mezani pake.

Watu wengi hukiona kisanduku hiki kuwa ni kabati tu. Kwa kweli ni kompyuta kamili, nayo huongozwa na programu iliyoandikwa ndani ya chipu yake ya kumbukumbu. Programu hiyo huitwa programu dhibiti. Jina lake la Kiingereza lilitungwa mwaka 1967 na Ascher Opler, kuonyesha kitu kilicho baina ya mashine yenyewe na programu za kawaida. Makala haya yanaeleza jinsi programu dhibiti inavyobadilishwa kwa amri zinazoandikwa, na kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kabla ya amri ya mwisho.

Kwa nini ibadilishwe?

Programu huandikwa na binadamu, kwa hiyo huwa na makosa. Baadhi ya makosa hayo ni mlango wazi kwa wezi. Mnamo Aprili 2021 wahalifu waliingia katika hifadhi za QNAP za watu wengi duniani, wakayafunga mafaili yao na kudai malipo. Mwezi Juni mwaka huo huo, wenye hifadhi za aina ya My Book Live walikuta kumbukumbu zao zimefutwa kutoka mbali kwa njia ya intaneti. Mtengenezaji alikuwa ametoa programu dhibiti ya mwisho ya vifaa hivyo mwaka 2015; tangu hapo vilikuwa vimebaki bila matengenezo, huku vikiwa bado vimeunganishwa na intaneti.

Hapa Tanzania suala hili lina upande wa sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mfanyabiashara anayeweka nakala za vitambulisho vya wateja katika kisanduku chenye mlango wazi anahatarisha mali ya watu wengine, si yake peke yake.

Kinachotokea ndani ya chipu

Programu dhibiti hukaa katika kumbukumbu ya aina ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba katika miaka ya 1980. Kumbukumbu hii haipotezi maandishi umeme ukizimwa. Lakini ina tabia moja: haiwezi kuandikwa upya herufi moja moja. Ni lazima kwanza fungu zima lifutwe, kisha ndipo liandikwe.

Chukua mfano wa programu yenye megabaiti 16, iliyogawanywa katika mafungu ya kilobaiti 64. Kwa kuwa megabaiti 1 ni kilobaiti 1,024, idadi ya mafungu ni:

16 × 1,024 ÷ 64 = 256

Umeme ukikatika wakati fungu la 101 limefutwa na halijaandikwa, chipu itakuwa na mafungu 100 mapya, moja tupu na 155 ya zamani. Hiyo si programu mpya wala ya zamani. Kifaa kikiwashwa hakitajua la kufanya. Mafundi wa simu wa Kariakoo, ambao kazi yao ya kila siku ni kuflashi simu, huilijua jambo hili vizuri: simu iliyochomolewa waya katikati ya kazi huweza kufa kabisa. Vifaa vingine vina sehemu mbili za programu ili moja ibaki salama, lakini si vyote.

Maandalizi

*Nakala.* Kumbukumbu zote zinakiliwe kwanza na nakala iwekwe jengo jingine. Kuwa na diski mbili zinazofanana ndani ya kisanduku kimoja si kuwa na nakala. Diski ya pili husaidia ya kwanza ikiharibika. Haisaidii kisanduku kikiibwa au jengo likiungua. Moto ulioteketeza Soko Kuu la Kariakoo tarehe 10 Julai 2021 ni funzo la kutosha.

*Umeme.* Tarehe 1 Aprili 2024 hitilafu ya gridi ya taifa ilisababisha giza katika sehemu kubwa ya nchi bila taarifa. Kwa hiyo kazi hii isifanywe bila betri ya akiba, yaani UPS. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina nishati ya wati-saa 84. Ikikadiriwa kuwa asilimia 60 tu ndiyo itumikayo, hubaki kama wati-saa 50. Kisanduku kinachotumia wati 30 kitaendeshwa kwa muda wa dakika 100 hivi. Betri iliyochakaa hutoa muda mfupi zaidi.

*Faili lote liwepo.* Programu mpya ipakuliwe yote kabla ya kuanza, kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, na ilingane na namba ya aina ya kifaa. Nyaya za EASSy na Seacom zilizo chini ya bahari zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota nchini. Kazi isitegemee mtandao katikati yake.

Amri zenyewe

Mfano huu ni wa kifaa kinachotumia OpenWrt, mfumo unaotolewa bila malipo. Amri ya mwisho hutofautiana kwa kila mtengenezaji, na mwongozo wake ufuatwe. Faili jipya limekwisha kuwekwa katika /tmp.

1. `ssh root@192.168.1.20`
Huingia katika kifaa kutoka kompyuta nyingine.

2. `cat /proc/mdstat`
Huonyesha afya ya diski pacha. Alama [UU] ni kwamba zote mbili ni nzima. Ikiwa ni [U_], moja imekosekana. Kazi isimame hadi itengenezwe.

3. `sha256sum /tmp/mpya.bin`
Hutoa alama ya tarakimu na herufi 64 inayokokotolewa kutokana na faili zima. Ilinganishwe na ile iliyotangazwa na mtengenezaji. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, faili hilo lisitumike.

4. `sysupgrade -T /tmp/mpya.bin`
Hujaribu kama faili linakifaa kifaa hiki, bila kuandika chochote.

5. `sysupgrade -v /tmp/mpya.bin`
Hufuta na kuandika.

Baada ya amri ya tano mawasiliano hukatika na kioo hunyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu kazi: hudhani kifaa kimekufa, wakachomoa waya. Waya usiguswe. Kifaa kitajiwasha chenyewe. Ndipo hatua ya 1 na ya 2 zirudiwe, na mafaili machache yafunguliwe kuhakikisha kuwa yanasomeka.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wanaweza kuielewa alama ya uthibitisho bila kompyuta. Kila herufi ya alfabeti ya Kirumi ipewe namba yake, A = 1 hadi Z = 26.

(a) Jumlisha namba za herufi za neno KARIAKOO. (Jibu: 81.)

(b) Badilishaneni nafasi za R na I, lipatikane KAIRAKOO. Jumla ni ngapi? Je, kosa limegunduliwa?

(c) Sasa zidisha kila namba kwa nafasi ya herufi katika neno, kisha jumlisha. (KARIAKOO: 399, KAIRAKOO: 408.) Eleza kwa nini njia hii imeligundua kosa.

(d) Tafuta maneno mawili tofauti yenye jumla moja kwa njia ya (c). Hilo linafundisha nini juu ya haja ya alama ndefu yenye herufi 64?

(e) Kisanduku kinatumia wati 45, na betri ni ile iliyotajwa juu. Kitaendeshwa kwa dakika ngapi? Je, muda huo unatosha kwa kazi ya dakika 15?