Kupona Baada ya Tiba ya Mionzi ya Ndani ya Tezi Dume: Umuhimu wa Daftari la Vipimo

Mzee aliyetibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi ya ndani hurejea nyumbani akitembea kwa miguu yake mwenyewe, bila mshono tumboni. Majirani humpa pole na hongera kwa pamoja, na familia humshukuru Mungu. Hata hivyo, katika furaha hiyo huzaliwa makosa mawili. Wapo wanaodhani kwamba shughuli imekwisha, wasionekane tena kliniki. Wapo pia wanaofuatilia vipimo, lakini siku namba inapopanda kidogo hukata tamaa, wakauza mifugo ili wasafiri haraka au wakaacha tiba kabisa. Chanzo cha makosa yote mawili ni kimoja: kutofahamu jinsi tiba hii inavyofanya kazi mwilini baada ya mgonjwa kuondoka hospitalini. Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wagonjwa hao, wake zao na watoto wanaowasindikiza.

Tiba yenyewe

Tezi dume ni kiungo kidogo kilicho chini ya kibofu cha mkojo, mbele ya njia ya haja kubwa. Katika tiba ya mionzi ya ndani, ambayo wataalamu huiita brakitherapi, chanzo cha mionzi huwekwa ndani ya tezi yenyewe kwa sindano ndefu zinazopitishwa kwenye ngozi iliyo kati ya korodani na njia ya haja kubwa, huku daktari akiongozwa na picha ya ultrasaundi. Lengo ni kuipa saratani mionzi mingi na kuviepusha viungo vya jirani kadiri iwezekanavyo.

Njia ziko mbili. Katika ya kwanza, punje ndogo za chuma zenye ukubwa unaokaribia punje ya mchele huachwa ndani ya tezi daima. Punje hizo mara nyingi hubeba madini ya iodini-125, ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 60 hivi. Baada ya miezi miwili hubaki nusu, baada ya minne robo, na baada ya miezi kumi hubaki takriban sehemu moja tu kati ya 32. Katika njia ya pili, chanzo chenye nguvu kubwa, kwa kawaida iridiamu-192, huingizwa kwa dakika chache kisha kikatolewa. Aliyetibiwa kwa njia hii hurudi nyumbani bila mionzi yoyote mwilini. Ni muhimu kila mgonjwa ajue alitibiwa kwa njia ipi, na iandikwe kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa.

Wiki na miezi ya mwanzo

Katika siku za kwanza mgonjwa anaweza kuona uvimbe na rangi ya kuvilia damu kwenye ngozi iliyochomwa sindano, na damu kidogo kwenye mkojo. Shahawa nazo zinaweza kuwa na rangi ya kahawia au nyekundu. Hayo hupungua yenyewe. Mgonjwa hushauriwa kunywa maji ya kutosha, kuepuka kubeba mizigo mizito kwa siku kadhaa, na kuacha kuendesha baiskeli kwa wiki chache.

Usumbufu wa mkojo ndio unaowashangaza wengi, kwa sababu aghalabu huongezeka baada ya mgonjwa kurudi nyumbani, wakati yeye alitarajia nafuu. Mionzi hufanya kazi polepole na tezi huvimba. Mkojo huunguza, hutoka kwa nguvu ndogo, na mgonjwa huamka mara nyingi usiku. Kwa waliowekewa punje, hali hii huweza kuendelea kwa miezi kadhaa kabla ya kutulia. Kupunguza chai ya rangi na kahawa jioni husaidia, na zipo dawa za kulegeza njia ya mkojo ambazo daktari huandika. Ikiwa mkojo umegoma kabisa kutoka, hiyo ni dharura: mgonjwa afikishwe kituoni saa hiyo hiyo ili awekewe mpira wa mkojo.

Nguvu za kiume zinaweza kupungua taratibu kwa miezi au miaka. Jambo hili huwatia wazee haya, nao hulinyamazia, ilhali zipo dawa zinazosaidia. Asinunue dawa hizo kiholela dukani, hasa anayetumia dawa za moyo, kwa kuwa mchanganyiko mwingine ni wa hatari.

Kuishi na familia

Hofu ya mionzi imewahi kuwatenga watu pasipo sababu. Sahani, kikombe, shuka, choo na nguo za mgonjwa havina mionzi. Mgonjwa hahitaji kutengewa chumba, na anaweza kulala na mkewe kitanda kimoja isipokuwa mke akiwa mjamzito.

Tahadhari zilizopo ni za aliyewekewa punje za kudumu, nazo ni za muda. Kwa miezi miwili ya mwanzo asimpakate mjukuu mapajani kwa muda mrefu, wala asikae karibu sana na mjamzito kwa saa nyingi. Kumsalimia mtoto na kuzungumza naye chumba kimoja hakuna madhara. Tendo la ndoa linaporejewa, mipira ya kiume itumike mara chache za mwanzo, kwa sababu punje moja inaweza kutoka pamoja na shahawa. Punje ikionekana isishikwe kwa vidole. Iokotwe kwa kijiko au kibanio, iwekwe kwenye kichupa, kisha hospitali iliyotibu ipigiwe simu kwa maelekezo. Anayesafiri abebe kadi au barua ya hospitali, kwa kuwa mitambo ya ukaguzi katika baadhi ya viwanja vya ndege na mipaka huweza kutambua mionzi iliyobaki.

Kusoma namba za PSA

PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume na kupimwa kwenye damu, kwa nanogramu katika kila mililita. Aliyeondolewa tezi yote kwa upasuaji hutarajiwa kuwa na PSA inayokaribia sifuri katika wiki chache. Aliyetibiwa kwa mionzi bado anayo tezi, kwa hiyo PSA yake hushuka pole pole, na huweza kuchukua miaka kadhaa kufika chini kabisa. Mzee asijilinganishe na jirani aliyefanyiwa upasuaji.

Jambo la pili ni mpando wa muda. Kwa wagonjwa wengi, hasa kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu baada ya tiba, PSA hupanda kidogo kisha ikashuka yenyewe bila tiba yoyote. Mpando huo peke yake si dalili kwamba saratani imerudi.

Kutenganisha mpando wa muda na kurudi kwa ugonjwa, wataalamu hutumia kigezo kilichokubaliwa katika mkutano uliofanyika mwaka 2005 mjini Phoenix, Marekani. Huchukuliwa namba ya chini kabisa aliyowahi kufikia mgonjwa, ikajumlishwa 2. PSA ikifika hapo au kupita, uchunguzi zaidi unahitajika.

Chukuliwe mfano wa kufundishia. Mzee alikuwa na PSA ya 9.4 kabla ya tiba. Baada ya miezi 6 ilikuwa 2.1, na baada ya miezi 12 ikawa 1.0. Mwezi wa 18 ikapanda hadi 1.6. Akiitazama namba hiyo pekee, atasema ugonjwa umerudi. Lakini namba yake ya chini ilikuwa 1.0, hivyo mpaka wake ni 3.0, naye yuko mbali nao. Mwezi wa 24 PSA ikashuka hadi 0.7, na mwaka wa tatu ikawa 0.3. Sasa mpaka wake mpya ni 2.3. Namba moja haikumweleza lolote. Mfululizo wake ndio uliomweleza.

Hata mpaka ukivukwa, kipimo hurudiwa kwanza kabla ya kuamua. Maambukizi ya mkojo na mpira wa mkojo huweza kupandisha PSA. Vivyo hivyo kuendesha baiskeli au kushiriki tendo la ndoa katika siku mbili kabla ya kipimo. Aliyepewa pia sindano za kushusha homoni akumbuke kwamba PSA huweza kupanda kiasi zinapokoma, kwa hiyo tarehe ya sindano ya mwisho iandikwe. Na iwapo saratani imerudi kweli, bado zipo tiba za kuidhibiti, nazo hufaa zaidi ikigundulika mapema.

Kipimo kipi, na lini

Kwa kawaida PSA hupimwa kila baada ya miezi 3 hadi 6 katika mwaka wa kwanza, kisha kila miezi 6 hadi 12 mpaka mwaka wa tano, na baada ya hapo mara moja kila mwaka. Ratiba ya hospitali iliyotibu ndiyo ifuatwe.

Baadhi ya maabara hutumia kipimo cha haraka cha mistari, ambacho huonyesha tu kama PSA imezidi 4 au la. Kipimo hicho hakifai kwa ufuatiliaji. Mzee wa mfano uliotangulia akifikisha 3.0 baada ya kushuka hadi 0.3, kipimo cha mistari kitamwambia yuko salama, ilhali amekwisha kuvuka mpaka wake. Kabla ya kulipa nauli, mgonjwa aulize kama maabara inatoa namba kamili, na awezapo atumie maabara ile ile kila mara, kwani mashine tofauti huweza kutoa majibu yanayotofautiana.

Dalili zisizosubiri tarehe ya kliniki

Homa na baridi kali, mabonge ya damu kwenye mkojo, maumivu ya mifupa yasiyoisha, hasa ya mgongo, na miguu kukosa nguvu ni dalili za kwenda kituoni mara moja. Damu kwenye mkojo inayoanza miezi au miaka baadaye ichunguzwe. Isidhaniwe tu kuwa ni kichocho au ni mionzi ya zamani.

Damu kidogo kwenye haja kubwa huweza kutokea hata baada ya mwaka mmoja au miwili. Kabla mtoa huduma hajachukua kinyama au kuchoma mahali panapotoka damu, aelezwe kwamba sehemu hiyo ilipata mionzi, na daktari wa saratani ashauriwe kwanza. Kidonda mahali hapo huweza kukataa kupona, na hata kutoboka kuelekea njia ya mkojo.

Daftari

Hayo yote hutegemea kumbukumbu. Daftari la kawaida la shule latosha: ukurasa wa kwanza aina ya tiba, tarehe yake na simu ya hospitali, kurasa zinazofuata tarehe ya kila kipimo, namba ya PSA, jina la maabara, dawa anazotumia, zikiwemo za asili, na dalili alizoziona. Mganga wa zahanati ambaye hajawahi kumwona mgonjwa ataelewa hali yake kwa dakika tano. Daftari likae mahali panapojulikana na mtu mwingine nyumbani, na mzee asiende kliniki bila hilo.