Kidari cha Kuku: Namna ya Kukichemsha Kikaiva Salama na Kubaki Laini

Kidari ndicho kipande chenye mnofu mwingi kuliko vyote katika kuku, na ndicho kinachoharibiwa zaidi jikoni. Gramu 100 za kidari kilichochemshwa bila ngozi zina takribani gramu 30 za protini na mafuta machache sana. Ni chakula cha kumjenga mtoto, cha kumrudishia mgonjwa nguvu, na cha mzee aliyeambiwa apunguze mafuta. Lakini tazama sahani zinazorudi jikoni. Mara nyingi ni hao hao watatu walioacha kidari. Mtoto ametafuna, akafyonza chumvi, akatema makapi. Bibi asiye na meno ya kutosha hakukigusa. Mgonjwa mwenye kinywa kikavu amekunywa supu tu.

Mpishi hakufanya uzembe. Amefundishwa, na amefundishwa vyema, kwamba kuku mbichi hubeba vijidudu, kwa hiyo anamchemsha moto mkali mpaka roho yake itulie. Ndugu msomaji, kijitabu hiki kinataka kukuondolea hofu hiyo bila kukuondolea tahadhari. Vijidudu huuawa na joto la kiwango fulani kufika katikati ya mnofu. Dakika zinazoongezwa baada ya hapo hazikulindi zaidi, zinakausha nyama tu. Na hata ukichemsha saa nzima, kisu, kibao na mikono yenye maji ya kuku mbichi haviingii sufuriani.

Joto linafanya nini ndani ya mnofu

Bakteria wa Salmonella na Campylobacter huishi katika utumbo wa kuku bila kuku mwenyewe kuonekana mgonjwa. Wakati wa kuchinja, kunyonyoa na kutoa matumbo huenea kwenye ngozi na nyama. Shirika la Afya Duniani linataka chakula kifike angalau nyuzijoto 70 katikati. Kwa nyama ya kuku, kiwango kinachotumika sana ni 74, nacho ndicho tutakachoshika hapa, kwa kuwa kikifikiwa bakteria hao hufa papo hapo.

Sasa linganisha na sufuria yako. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzijoto 100. Mbeya, mji ulio kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, huchemka kwenye 94. Kote kuwili joto linazidi sana lile tunalolihitaji. Ukichochea moto maji yakiwa tayari yanachemka, hayaongezeki joto hata kidogo. Yanatoa mvuke mwingi zaidi na kukumalizia gesi au mkaa.

Paja lina tishu ngumu za kuunganisha misuli, ambazo huhitaji muda mrefu kulainika. Ndiyo maana paja la kuku wa kienyeji hufaidi saa nzima jikoni. Kidari cha kuku wa kisasa hakina kitu cha namna hiyo cha kusubiri. Kina nyuzinyuzi nyembamba, maji mengi na mafuta kidogo. Joto lake likipita 74 kuelekea 80 na 90, nyuzinyuzi hujikaza na kutoa maji kama nguo inayokamuliwa, na maji yakishatoka hayarudi, hata kidari kikilala ndani ya supu usiku kucha. Kwa hiyo ile desturi ya kutia kuku mzima aliyekatwakatwa sufuriani kwa pamoja, na kuepua vyote kwa pamoja, ndiyo adui wa kwanza wa kidari. Paja na mgongo vinapokuwa vizuri, kidari kimeshakauka zamani. Kitie mwisho, au kitoe mapema.

Kuku wa mayai aliyechoka kutaga ni habari nyingine. Huyo amekomaa mwili mzima, kidari kikiwemo, na maelezo ya hapa chini hayamhusu. Mchemshe kwa muda mrefu.

Kabla ya kuwasha jiko

Ukinunua kuku sokoni akachinjwa mbele yako, ujue kwamba misuli hukakamaa baada ya kuchinjwa na huchukua saa kadhaa kulegea. Mwenye friji amfunike na kumweka humo saa nne au tano kabla ya kumpika, tofauti utaiona. Asiye na friji asisubirishe nyama kwenye joto kwa ajili ya ulaini. Apike mara moja, kidari kikiwa na mfupa wake, kwa sababu usalama unatangulia.

Kuku aliyegandishwa ayeyuke ndani ya friji usiku kucha, kwenye bakuli linalokinga maji yake, na awe rafu ya chini. Ukiwa na haraka, mfunge kwenye mfuko usiovuja, umzamishe kwenye maji baridi na kuyabadilisha kila nusu saa. Kumwacha mezani tangu asubuhi si salama: nje panakuwa vuguvugu na vijidudu vinazaana wakati katikati bado pana barafu.

Suala la kuosha tulizungumze wazi, maana karibu kila nyumba yetu huosha kuku, tena kwa ndimu au siki. Ndimu huondoa shombo. Haiui vijidudu kwa namna ya kutegemewa. Na bomba likifunguliwa juu ya kuku, matone huruka kwenye vyombo safi, kwenye nguo, kwenye sahani ya matunda iliyo pembeni. Kuku aliyetoka dukani akiwa safi kwenye mfuko hahitaji kuoshwa. Mkaushe kwa karatasi ya jikoni na uitupe. Kuku aliyechinjwa nyumbani au sokoni, mwenye manyoya na damu, hawezi kupikwa hivyo hivyo. Mwoshe ndani ya beseni lenye maji yaliyotulia, taratibu, mbali na vyombo na chakula kingine. Mwaga maji bila kuyarusha, kisha sugua beseni na sehemu uliyofanyia kazi kwa sabuni na maji ya moto.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni kachumbari. Nyanya, kitunguu na tango haviendi motoni. Vikikatwa kwenye kibao kilichotoka kukatia kuku, vijidudu vinakwenda moja kwa moja mezani, na kuku aliyeiva vizuri hatasaidia kitu. Kama nyumbani mna kibao kimoja tu, kata kachumbari kwanza, ifunike, iweke mbali, kuku afuate. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kabla na baada ya kushika kuku mbichi, na kabla ya kumshika mtoto.

Kuchemsha kwenyewe

Kidari kikubwa kisicho na mfupa kipasue katikati kwa ubapa, upate vipande viwili vyembamba vyenye unene mmoja. Kipande kikiwa kinene upande huu na chembamba upande ule, ncha itakauka kabla kitako hakijaiva.

Kwa vidari viwili, paka nusu kijiko cha chai cha chumvi nusu saa kabla, ukiviacha kwenye friji kama ipo. Chumvi inayotangulia hivi huingia kwenye mnofu na kuusaidia kushika maji yake motoni. Baadaye usiongeze nyingine. Tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga, jani la giligilani, tia utakavyo. Ndimu iache mpaka mwisho, maana nyama ikilowekwa kwenye ndimu kwa muda mrefu hukakamaa kwa nje.

Panga vidari kwenye sufuria bila kuvibebanisha. Mimina maji ya baridi yavifunike kwa kimo cha vidole viwili. Maji ya baridi yana maana yake: mnofu unapata joto pole pole, nje na ndani vikikaribiana. Ukiutumbukiza kwenye maji yanayofoka, nje hukaza wakati ndani bado ni mbichi.

Washa moto wa wastani. Viputo vidogo vikianza kupanda kutoka chini na uso wa maji ukitetemeka, punguza moto papo hapo. Hali hiyo ndiyo unayoitaka, maji yakitokota taratibu bila kufoka. Kwenye jiko la mkaa, toa makaa kadhaa, funika yaliyobaki kwa majivu kidogo na uzibe mlango wa hewa. Kwenye kuni, vuta vijiti nje. Engua povu, funika sufuria ukiacha upenyo.

Tangu maji yaanze kutokota, vipande vyembamba visivyo na mfupa huchukua dakika 10 hadi 12. Kidari kizima kisicho na mfupa, cha gramu 200 hivi, dakika 15. Chenye mfupa, dakika 25. Kigeuze mara moja katikati ya safari. Kisha epua na ukiache ndani ya maji yake, umefunika, dakika nyingine tano. Muda huu ni mwongozo tu. Ukubwa wa kidari, sufuria na moto vinatofautiana, kwa hiyo ni lazima upime.

Mwenye kipimajoto cha chakula achome katikati ya sehemu nene bila kugusa mfupa, asome 74. Asiye nacho, akate sehemu hiyo hiyo. Mnofu uwe mweupe mpaka katikati, nyuzinyuzi zake zikiachana, na maji yanayotoka yawe maangavu. Ukiona sehemu inang'aa, inateleza au ina rangi ya waridi, rudisha jikoni dakika tatu, ukate tena upya. Uwekundu kidogo unaoshikamana na mfupa hutokea hata kwa kuku aliyeiva, hasa mchanga, kwa vile rangi hutoka ndani ya mfupa. Ukiuona bila kuwa na kipimajoto, ongeza dakika chache. Afadhali kidari kikauke kidogo kuliko familia kuugua.

Unapokata kwa ajili ya kula, tazama nyuzinyuzi zinakoelekea, upitishe kisu kwa kuzikingamia. Kila tonge litakuwa na nyuzi fupi, na meno dhaifu yataliweza.

Vya kutotia sufuriani

Wapo wanaotia vidonge vya kutuliza maumivu ili nyama ilainike upesi. Usifanye hivyo kamwe. Dawa hubaki ndani ya chakula, hakuna anayejua kila mlaji amemeza kiasi gani, na paracetamol ikizidi huharibu ini. Magadi nayo huongeza sodiamu na kuharibu ladha. Papai bichi linafaa kwa nyama ngumu ya mishkaki, ila kidari kikikaa nalo muda mrefu hupondeka. Vile vipande vya mraba vya supu vya dukani vimejaa chumvi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kasoro kidogo ya kijiko cha chai. Mwenye shinikizo la damu aviache kabisa.

Kwa mtoto, mzee na mgonjwa

Mtoto anaweza kuanza kula kidari akitimiza miezi sita, pamoja na kunyonya. Mchambulie nyama nyuzi kwa nyuzi, uiponde kwa supu yake mpaka ilainike kabisa, uichanganye na viazi, ndizi au uji mzito. Mpikie bila chumvi. Usimpe supu tupu ukidhani nguvu yote imehamia humo. Protini kubwa imebaki kwenye mnofu. Kosa hilo linawanyima chakula wagonjwa wengi. Mzee na mgonjwa nao wachambuliwe nyama ndani ya bakuli la supu, wale polepole wakiwa wameketi wima.

Kiporo

Kuku aliyepikwa asikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali la Pwani saa moja inatosha. Sufuria kubwa ya supu inayopoa polepole usiku kucha ni mazalio ya bakteria ambao mbegu zao hazikufa kwa kuchemshwa. Gawa kwenye vyombo vidogo vipana, ipoe haraka, iingie friji. Itumike ndani ya siku tatu, na ipashwe mpaka ichemke kote. Chakula kilicholala nje kimwagwe, kwani kuna sumu za bakteria zisizoharibiwa na kupashwa upya. Nyumba isiyo na friji ipike kiasi cha kumalizwa mlo huo huo.

Mtu akiharisha baada ya kula, mpe maji ya ORS yaliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, kidogo kidogo na mara kwa mara, na mtoto aendelee kunyonya na kula. Usimpe mtoto dawa ya kufunga tumbo. Ukiona damu kwenye kinyesi, homa kali, macho yaliyozama, kutapika kila kitu au mtoto kulegea na kushindwa kunywa, usisubiri kukuche. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, ukiendelea kumpa ORS njiani.