Akitoka shule ni katuni tu

Swali: Daktari, mwanangu ana miaka 7. Akishuka kwenye basi la shule ni katuni mpaka usiku. Tunaishi ghorofani Kariakoo, uwanja hakuna. Nifanyeje?

Jibu: Mama, usisubiri uwanja. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayowafanya waheme, na si lazima ziwe za mfululizo. Rede inataka watoto watatu na mpira wa soksi; kamba yarukwa hata koridoni. Apande ngazi, mwende gengeni, nyanya abebe yeye. Kuhusu runinga, tusimgombeze huku simu ziko mikononi mwetu (hata mimi nimo). Anza jioni ya leo, na kamba ushike wewe.